Kwa Nini Dawa Hii Inafungiwa Kabatini?

Mwezi huu tunajibu swali moja linaloulizwa sana kwenye foleni ya dawa. Mtu anakwenda kituo cha afya, anapimwa malaria, anapewa Coartem na Panadol, basi amemaliza. Siku nyingine mtu huyohuyo anakwenda kumchukulia mama yake dawa ya maumivu makali, na hapo mambo yanageuka. Wanataka kadi. Wanataka jina la mgonjwa na jina la aliyeandika dawa. Nesi anafungua kabati, kumbe ndani ya kabati kuna kabati lingine lenye kufuli yake. Anamwita mwenzake aje atazame. Wanapima, wanaandika kitabuni, wanatia sahihi wote wawili, na wewe pia unaambiwa utie sahihi au dole gumba. Watu wanarudi nyumbani na hasira: "Wamenifanya kama mwizi!"

Hapana, mama. Hapana, baba. Kitabu kile hakikuandikwa kwa ajili yako wewe peke yako. Hata daktari mkuu wa hospitali akitaka dawa ile, ataandikwa.

Dawa zenyewe ni zipi? Kwanza kuna zile za maumivu makali kabisa, kama morfini na pethidini. Halafu kuna za kutuliza mishtuko na za usingizi, kama diazepamu (wengi mnaijua kwa jina la Valium) na fenobabitali, ambayo ndugu zetu waliotoka Kongo wanaiita Gardenal. Zote ni dawa nzuri, na morfini, diazepamu na fenobabitali Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Lakini zinaweza kumzoeza mtu vibaya, na zikizidi zinaweza kumlaza mtu asiamke. Ndiyo maana nchi za dunia zilikubaliana mwaka 1961 juu ya dawa za kulevya, na tena mwaka 1971 juu ya hizi za akili na usingizi, kwamba kila nchi izihesabu na kuzilinda. Hapa Uganda kazi hiyo inasimamiwa na NDA, mamlaka ya dawa ya taifa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Sheria hiyo iligawa dawa katika madaraja. Morfini iko daraja A, lile linalolindwa kuliko yote. Duka dogo la dawa, lile la sokoni au pembeni ya barabara, linaruhusiwa kuuza dawa za daraja C tu, yaani zile nyepesi. Kwa hiyo ukiona mtu anakutolea diazepamu kwenye mfuko wa suruali pale sokoni, ujue huyo hana ruhusa, na wewe hujui ile dawa imetoka wapi, imekaa juani siku ngapi, wala kama ni yenyewe.

Sasa turudi kwenye kile kitabu, maana hapo ndipo penye siri ambayo watu wengi hawaijui. Kila chupa inayoingia inaandikwa, kila mililita inayotoka inaandikwa, na mstari wa mwisho unaonyesha kilichobaki. Kilichobaki kitabuni lazima kilingane na kilichobaki kabatini. Kisipolingana, mwenye ufunguo ana maelezo ya kutoa, na anaweza kupoteza kazi au kufikishwa mahakamani. Hilo ni upande wa adhabu. Upande wa pili ndio mkubwa zaidi kwetu: kitabu kile ndicho kinacholeta chupa inayofuata. Kituo kinaagiza kwa kuonyesha kilichotumika. Serikali nayo kila mwaka inapeleka makadirio kwa bodi ya kimataifa iliyoko Vienna, kwamba Uganda itahitaji kiasi fulani. Mgonjwa asipoandikwa, kwa macho ya watu wa mahesabu ni kama hayupo. Na mgonjwa asiyekuwepo haletewi dawa.

Hii si hadithi tu. Mwaka 2017 wataalamu wa jarida la Lancet walihesabu dawa za jamii ya morfini zinazogawiwa duniani kwa mwaka. Walipata tani 298.5. Nchi maskini zote kwa pamoja zilipata tani 0.1, yaani kilo mia moja tu! Dunia ina hofu na dawa hii, na hofu hiyo inaangukia watu wa huku kwetu.

Uganda ilitafuta njia yake. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mama wa Uingereza aliyekuwa amefanya kazi Singapore na Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda katika nyumba ya kuazima kwenye hospitali ya Nsambya, Kampala. Waziri wa afya wa wakati ule, daktari James Makumbi, alikubali unga wa morfini uingizwe nchini. Unga ule ulichanganywa na maji, dawa ya kuuzuia usiharibike, na rangi kidogo. Ndiyo hiyo tu. Haihitaji sindano, haihitaji umeme, na bei yake ni ndogo. Baadaye ilibaki shida nyingine: madaktari ni wachache, na vijijini hawapo kabisa. Basi mwaka 2004 Uganda ikabadilisha sheria, ikaruhusu manesi na maafisa tabibu waliosomea matunzo ya wagonjwa mahututi kuandika morfini wao wenyewe. Masomo yale yalikuwa ya miezi tisa. Ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Na serikali inaitoa bure. Kama kuna mtu anakuuzia morfini ya maji, hapo kuna jambo.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama una mgonjwa wa kansa nyumbani analia usiku na Panadol haifui dafu, usikae naye tu ukisema ni mapenzi ya Mungu. Mpeleke kituo cha afya cha karibu, useme wazi kwamba maumivu yamezidi. Kama pale hakuna mwenye ruhusa ya kuandika, omba barua ya rufaa kwenda hospitali. Kwa watu wa upande wetu hospitali kubwa ya rufaa ni ile ya Arua. Kama mgonjwa hawezi kupanda boda boda, uliza kama mwanafamilia anaweza kurudi mara ya pili kuchukua dawa na kadi yake.

Ukishaipata chupa, kazi inahamia kwako. Nyumba yako sasa ndiyo famasi! Tazameni rangi. Kwa kawaida hapa Uganda ya kijani ndiyo hafifu. Ya waridi ina nguvu mara kumi ya ile ya kijani. Ya bluu ina nguvu mara ishirini. Umeelewa hapo? Kijiko kimoja cha waridi ni sawa na vijiko kumi vya kijani. Watu wawili kwenye bloku moja wanaweza kuwa na chupa mbili, na jirani kwa huruma akasema "chukua ya kwangu, ya mama yako imeisha." Huruma ya namna hiyo inaweza kuua. Na usitegemee rangi peke yake, soma karatasi iliyobandikwa. Kama imeandikwa Kiingereza na nyumbani mnaongea Kikakwa, Kilugbara, Lingala au Kiarabu cha Juba, mwambie nesi akuchoree jua na mwezi na alama ya kipimo. Hawakatai. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kikombe kidogo ulichopewa, siyo kwa kijiko cha uji. Na anayepima awe mtu mzima mmoja, yuleyule kila siku. Tunajua watoto wetu ndio wanaosoma Kiingereza na ndio wanaotafsiri kila karatasi inayoingia nyumbani, lakini kazi hii siyo ya mtoto.

Morfini ya maji kwa kawaida inanywewa kila baada ya saa nne. Wengi wanapangiwa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, halafu kabla ya kulala nesi anaweza kuongeza kipimo ili mgonjwa apite usiku bila kuamshwa. Fuata ulivyoambiwa wewe, siyo alivyoambiwa mwingine. Usingoje maumivu yarudi ndipo umpe, maana yakisharudi kuyashusha tena ni kazi. Siku za kwanza atasinzia kidogo, ni kawaida. Choo kitakuwa kigumu karibu kwa kila mtu, kwa hiyo lazima apewe dawa ya kulainisha choo pamoja na morfini. Ukisahaulika hapo, uliza. Lakini ukiona haamki ukimtikisa, au anapumua polepole sana, usimpe tena, mkimbize kituoni.

"Lakini si itamfanya awe mlevi?" Hilo tunalisikia kila siku. Mgonjwa anayekunywa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo cha nesi, ni nadra sana kugeuka mlevi. Mwili unaizoea, ndiyo, na kwa sababu hiyo isikatwe ghafla, inapunguzwa pole pole. Wengine wanasema ni dawa ya kufa, ukishapewa basi uandike wosia. Siyo kweli. Ni kwamba tunapelekwa kuchelewa, kwa hiyo watu wanaona chupa leo na mazishi wiki ijayo, wanaunganisha. Mtu anaweza kuishi nayo miezi mingi, akae uani, aongee na wajukuu, ale.

Tuseme sasa jambo gumu. Posho imepunguzwa tangu 2020, na kila mtu anajua vitu gani vinauzwa ili kupata chumvi na sabuni: unga, maharagwe, turubai, hata sufuria. Na watu wanauliza bei ya chupa. Hatutaki kumhukumu mama mwenye watoto sita. Lakini fikirieni njia ya ile chupa ikishauzwa. Inakwenda kwa kijana anayetafuta kulewa, ambaye hajui nguvu yake. Mgonjwa wako analala na maumivu mpaka siku ya kurudi kituoni, na ukirudi mapema kitabu kinaonyesha kwamba dawa ingetosha. Nesi hana namna. Na kwa sheria kuuza ni kosa kubwa, kwa mkimbizi kama kwa mwenyeji. Ikiwa chupa imeibiwa au imemwagika kweli, sema siku hiyohiyo, kwa nesi na kwa mwenyekiti wa RWC. Ukisema mapema unaaminika. Ukikaa wiki mbili ndipo useme, hata sisi tungeuliza maswali.

Nyumbani iweke juu, mahali pa kufungika, siyo chini ya kitanda na siyo kwenye chupa ya soda. Ile ya waridi inafanana na juisi, na mtoto haulizi.

Tusiwasahau wenye kifafa, maana hao ni wengi katika familia zetu. Fenobabitali nayo inaandikwa na kulindwa, lakini inapatikana kwenye vituo vya afya. Taabu yake inakuja wakati wa kuhama. Familia inavuka kutoka upande wa Ariwara kuja Koboko, Gardenal zinaisha njiani, mtoto anakaa siku tano bila dawa, na kifafa kinarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, mara nyingine kinapiga mfululizo bila kuacha. Dawa hii haikatwi ghafla hata siku moja. Kwa hiyo ukifika mapokezi, kabla hujauliza habari ya kiwanja na turubai, mwambie mtu wa afya kwamba una mtoto wa kifafa, na umwonyeshe paketi, hata kama ni tupu. Jina na kipimo vimeandikwa pale. Na ukitaka kwenda kuzika Yei au kutembelea ndugu ng'ambo ya Vurra, chukua kwanza barua ya kituo yenye jina la mgonjwa, jina la dawa na idadi. Beba dawa ndani ya paketi yake. Vidonge vitupu kwenye karatasi ya daftari, mbele ya askari wa mpakani, ni vigumu kuvieleza.

Mwisho ni ile chupa inayobaki mtu akishafariki. Kwenye siku za msiba hakuna anayeikumbuka, nyumba imejaa wageni, vitu vya marehemu vinagawanywa. Chagueni mtu mmoja wa kuitafuta siku ileile, aifungie, na baada ya mazishi airudishe kituoni pamoja na kadi. Hakuna atakayemkamata. Nesi atapima kilichobaki mbele yake, atakiandika, ataita shahidi, kisha wataitupa kwa utaratibu wao. Usiimwage chooni wewe mwenyewe, na usimwachie jirani. Jina la mgonjwa litafungwa kitabuni siku hiyo, na hesabu ya kabati itakuwa sawa.