Mke Akipigwa Ili Abadili Dini

Hapa Rusimbi, Mkristo na Mwislamu kuoana si jambo geni, na ndoa ya bomani haimdai yeyote abadili dini. Ibara ya 19 ya Katiba yetu yampa kila mtu uhuru wa kuchagua dini, hata kuibadili, kwa hiari yake. Ubatizo wa kulazimishwa nao ni kosa lile lile.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 chakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Baraza la usuluhishi hupatanisha tu. Kipigo kipelekwe polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Tunakiri, tumewahi kumrudisha mama nyumbani kwa sala tupu.

Anayehofia kutoka mikono mitupu ajue: tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, kazi za nyumbani huhesabiwa mali ikigawanywa.