Ngome ya Theluji Iliyojengwa kwa Kinanda

Kila umma hutunga nyimbo zake kwa mujibu wa mbingu iliyo juu yake. Mkaazi wa pwani huimba bahari, kusi na kaskazi; mfugaji wa nyika huimba mvua na malisho. Si ajabu, basi, kwamba watu wa Ulaya, ambao ardhi yao katika sehemu nyingi hulala chini ya theluji kwa miezi kadha wa kadha, wamejitungia muziki wa baridi. Makala haya yanauzungumzia muziki huo, na hasa kanda moja iliyotolewa na msanii wa Uswisi mwaka 1998, kwa sababu ndani yake mna suala ambalo kila mwenye dhamana ya utamaduni hana budi kulijibu: kazi ya sanaa ihukumiwe kwa kipimo gani?

Muziki wenyewe hujulikana kwa jina la danjeni sinthi. Danjeni ni gereza lililochimbwa chini ya ngome za kale za Ulaya. Sinthi ni kinanda cha umeme, kinachounda sauti bila ya nyuzi wala zumari. Jina hilo lilienea katika miaka ya mwanzo ya 2010, ilhali muziki ulikuwapo takriban miaka 20 kabla yake. Chemchemi yake ni ngano za wafalme, wachawi, mazimwi na misitu yenye kiza, kama zile alizoziandika Mwingereza J.R.R. Tolkien katika The Lord of the Rings, kitabu kilichochapishwa mwaka 1954 na 1955, na kama zile za mchezo wa Dungeons & Dragons uliotolewa Marekani mwaka 1974. Msomaji aliyelelewa kwa hekaya za Alfu Lela Ulela hataliona hilo kuwa jambo geni.

Lakini baridi inayotajwa hapa si kipupwe chetu, ambacho shuka moja yatosha kukishinda. Katika mkoa wa Telemark, kusini ya Norway, uko mji mdogo wa Rjukan uliojengwa bondeni, katikati ya milima mirefu. Tangu Septemba hadi Machi jua haliufikii mji huo. Milima huuzuia mwanga wake. Mwaka 2013 ilibidi vifungwe vioo vitatu vikubwa juu ya mlima ili viakisi mwanga na kuuteremsha katika uwanja wa mji, watu wapate mahali pa kusimama juani. Mtoto anayekulia katika mikoa kama hiyo hukaa ndani kwa muda mrefu, na nje ya dirisha lake hamna ila weupe na kimya. Humo ndimo fikra zake hujenga ngome na falme.

Katika mkoa huohuo wa Telemark, mji wa Notodden, ndiko alikotoka Håvard Ellefsen, ajulikanaye kwa jina la Mortiis, ambaye wengi humhesabu kuwa miongoni mwa waasisi wa muziki huu. Alikuwa mpiga gitaa la besi wa kundi la Emperor, lililopiga muziki mkali wa magitaa uitwao blaki meto. Alipoachana na kundi hilo alishika kinanda, akiwa peke yake, na mwaka 1993 akatoa kanda yake ya kwanza. Mwaka 1994 alifuatisha kazi mbili, Født til å herske, yaani Aliyezaliwa Kutawala, na Ånden som gjorde opprør, yaani Roho Iliyoasi. Alijifunika uso kwa sura ya bandia yenye pua na masikio marefu, kama zimwi la ngano za kwao. Wala hakuanza katika ombwe: tangu miaka ya 1970 kundi la Tangerine Dream la Berlin Magharibi lilikuwa limekwisha kuonyesha kwamba vinanda vya umeme vyaweza kujaza santuri nzima bila ya mwimbaji.

Sasa tuitazame kanda ya Uswisi. Mtungaji wake hujiita Wintherr, na kazi zake huzitoa kwa jina la Kifaransa la Paysage d'Hiver, maana yake Mandhari ya Majira ya Baridi. Kanda yenyewe inaitwa Die Festung, yaani Ngome. Kazi nyingi za msanii huyu ni sehemu za hadithi moja, ya msafiri anayetembea katika nchi ya baridi iliyobuniwa na fikra zake. Na aghalabu hadithi hiyo huisimulia kwa magitaa yanayovuma kama tufani na sauti ya kupiga ukelele. Katika Die Festung aliyaweka kando hayo yote, akakiachia kinanda kazi nzima.

Sauti moja hushikwa, hukaa kwa muda mrefu, kisha nyingine huja juu yake, kama theluji inavyoanguka juu ya theluji. Hakuna haraka wala kiitikio. Msikilizaji wa taarabu, aliyezoea kwamba maneno ndiyo roho ya wimbo, mwanzoni atauliza: mbona hakisemwi kitu? Akivumilia ataanza kuiona ngome yenyewe, kuta zake, minara yake, na ukiwa wa uwanja wake. Hapo ndipo ulipo ufundi wa kazi hii: mtu ambaye hajapata kuikanyaga theluji huhisi ubaridi wake kwa sikio. Aibu yake, na ni haki kuisema, ni kwamba hukawia mno mahali pamoja, na asiye na subira atachoka kabla ya kufika langoni.

Yafaa pia kuzingatia kwamba kazi za namna hii hazikuhitaji mali nyingi. Aghalabu zilirekodiwa nyumbani na mtu mmoja mwenye kinanda cha bei nafuu. Kanda zilinakiliwa moja moja, majalada yakapigwa fotokopi kwa rangi nyeusi na nyeupe, kisha zikatumwa kwa posta. Mkwaruzo wa kanda, ambao fundi wa studio angeuona kuwa ni dosari, umekuwa sehemu ya ladha yake. Hata leo, katika zama za intaneti, wasanii wengi wa muziki huu wangali wanatoa kanda.

Hata hivyo, haifai kusifu upande mmoja na kuficha wa pili. Muziki huu ulizaliwa jirani na moto. Katika miaka ya 1992 na 1993, baadhi ya vijana wa blaki meto nchini Norway walichoma makanisa, na damu ikamwagika. Mwaka 1994 mahakama ya nchi hiyo ilimhukumu Varg Vikernes, mwenye kazi zinazotolewa kwa jina la Burzum, kifungo cha miaka 21 kwa kuua na kuchoma makanisa. Akiwa gerezani alitunga kazi mbili za kinanda kitupu, zilizotolewa mwaka 1997 na 1999, ambazo zimewaathiri wengi waliomfuata. Mwaka 2014 mahakama ya Ufaransa nayo ilimtia hatiani kwa kuchochea chuki ya ubaguzi.

Hapa watu huingia katika makosa mawili. Wa kwanza husema: maadamu mti umeota penye uozo, matunda yote yatupwe. Hiyo ni dhuluma, kwani aliyejenga ngome ya theluji kwa vidole vyake hakumchomea mtu nyumba, wala hapasi kubebeshwa dhambi ya mwingine. Wa pili husema: kinanda hakina maneno, basi hakina hatia. Huo nao ni uzembe. Muziki usio na maneno ni nyumba isiyo na mlango. Yeyote aweza kuingia na kuifanya yake, mwema na mwovu. Insafu yataka kila kazi ipimwe kwa nafsi yake, na kila msikilizaji amjue anayempa fedha zake.

Kwa wenye dhamana ya utamaduni, somo ni bayana. Kijana akifika ofisini na kanda aliyoirekodi chumbani mwake, isiyofanana na chochote kinachopigwa redioni, asifukuzwe kwa sababu chombo chake ni duni au wasikilizaji wake ni wachache. Aulizwe ni nchi gani aliyoijenga humo, na ameijenga kwa ukweli kiasi gani. Kisha kanda yake isikilizwe mpaka mwisho, ndipo hukumu itolewe.