Ukuaji wa Vimeng'enya vya Mmeng'enyo wa Chakula katika Viluwiluwi wa Samaki wa Baharini Wanaofugwa: Mfano wa Dicentrarchus labrax

Katika ufugaji wa samaki wa baharini, wiki chache za kwanza baada ya kuanguliwa ndizo zenye gharama kubwa na vifo vingi zaidi. Viluwiluwi wa Dicentrarchus labrax, samaki anayefugwa kwa wingi katika Bahari ya Mediterania, kwa kawaida huanzishiwa viumbe hai wadogo, yaani rotifa na artemia, kabla ya kuhamishiwa chakula kilichotengenezwa. Viumbe hao hugharimu kazi, nafasi na fedha. Isitoshe, sehemu kubwa ya mayai makavu ya artemia huvunwa katika Great Salt Lake nchini Marekani, na mavuno hayo hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Swali la lini kiluwiluwi anaweza kuachishwa chakula hai ni la kiuchumi, lakini jibu lake limo katika fiziolojia ya utumbo wake.

Kiluwiluwi anapoanguliwa, utumbo wake ni mrija ulionyooka na mdomo haujafunguka. Huishi kwa akiba ya kiini cha yai. Mdomo unapofunguka, siku chache baadaye, ini na kongosho huwa zimeshaanza kazi. Tripsini na amilasi hupatikana hata kabla ya mlo wa kwanza, jambo linaloonyesha kwamba kuanza kwa vimeng'enya hivyo kumepangwa katika urithi wa kiumbe na hakusubiri chakula. Kinachokosekana ni tumbo lenye tezi. Bila tezi hizo hakuna asidi wala pepsini, na protini humeng'enywa katika mazingira ya alkali kwa kutegemea kongosho. Vipande vya protini visivyovunjwa kikamilifu humezwa na seli za utumbo wa nyuma na kumaliziwa humo ndani.

Badiliko kubwa hutokea katika utumbo wenyewe. Katika tafiti zilizofanywa na Chantal Cahu na José Zambonino Infante katika taasisi ya Ifremer nchini Ufaransa, ilionekana kwamba mnamo wiki ya nne vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli za utumbo, hasa peptidasi ya leusini-alanini, hupungua, ilhali vile vya utando wa juu wa seli, yaani aminopeptidasi N na fosfatasi ya alkali, huongezeka kwa kasi. Kupishana huko ndiko kunakotambulisha utumbo uliokomaa. Viluwiluwi walioachishwa chakula hai mapema mno, siku ya 10, kwa chakula kisichowafaa, walikua polepole na ukomavu huo ukavurugika. Kwa hiyo chakula hakiamui kama kimeng'enya kitatokea, bali huweza kuchelewesha au kuzuia utumbo usikomae.

Kwa muda mrefu kushindwa kwa chakula kilichotengenezwa kulielezwa kwa namna nyingine. Mwaka 1977 Dabrowski na Glogowski walitoa hoja kwamba vimeng'enya vya windo lenyewe husaidia mmeng'enyo wa samaki aliyelimeza. Hoja hiyo ilivutia kwa sababu ilikuwa rahisi: chakula kikavu hakina vimeng'enya, basi kiongezwe. Vipimo vya baadaye havikuiunga mkono. Katika Dicentrarchus labrax mchango wa windo katika utendaji wa tripsini ulikuwa mdogo, wa asilimia chache tu, na katika viluwiluwi wa dagaa wa Japani haukufika 1%. Kongosho ya kiluwiluwi inajitosheleza. Kasoro ilikuwa katika chakula.

Marekebisho yaliyofuata yaligusa mambo mawili. La kwanza ni protini: kuweka kiasi cha wastani cha protini iliyokwisha kuvunjwa kuwa peptidi fupi kuliboresha ukuaji na uhai wa viluwiluwi, lakini kiasi kikubwa kilileta madhara. La pili, ambalo pengine ni zito zaidi, ni mafuta. Viluwiluwi hutumia fosfolipidi vizuri kuliko mafuta ya kawaida, na chakula chenye fosfolipidi takriban 12% kilitoa ukuaji mzuri na ulemavu mdogo wa mifupa. Kwa mchanganyiko wa aina hiyo iliwezekana kuwalisha viluwiluwi wa spishi hii chakula kilichotengenezwa tangu mdomo unapofunguka, jambo lililodhaniwa kuwa haliwezekani.

Hapa inafaa kutaja tatizo la vipimo, kwa kuwa hupotosha tafsiri nyingi. Utendaji wa kimeng'enya huelezwa ama kwa kila miligramu ya protini ama kwa kila kiluwiluwi. Mwili unapokua, misuli huongeza protini isiyohusiana na mmeng'enyo, hivyo kipimo cha kwanza huweza kushuka hali kongosho inazalisha zaidi. Katika amilasi, hata hivyo, mshuko unaoonekana kadiri umri unavyoongezeka si wa hesabu tu: unahusiana pia na kupungua kwa unakili wa jeni yake. Aidha, kwa sababu ya udogo wao, viluwiluwi mara nyingi husagwa wazima, na peptidasi za misuli huchanganyika na za utumbo. Utafiti usiotenganisha sehemu hizo hauwezi kusema mengi kuhusu ukomavu wa utumbo.

Matokeo haya hayahamishiki moja kwa moja kwa spishi nyingine. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ufugaji wa mwatiko umetegemea sana vifaranga wanaokusanywa baharini na katika mikoko, ambao wamekwisha kuvuka hatua iliyoelezwa hapa. Kadiri utotoleshaji vituoni unavyochukua nafasi ya ukusanyaji huo, ratiba ya kuwaachisha mwatiko chakula hai italazimika kupangwa kwa vipimo vya utumbo wa mwatiko wenyewe, katika joto la maji ya pwani hii, kwa kuwa joto huharakisha hatua zote na umri wa siku peke yake haulinganishiki.