Usingizi wa Aliyeacha Pombe: Neno kwa Wachungaji
Huko Ulyankulu, katika nchi ya asali na wanzuki, msharika aliyeacha pombe aweza kumjia mchungaji wake akilalamika kwamba halali, au kwamba huota anakunywa. Tusiharakishe kusema ana pepo, au toba yake ni ya uongo. Pombe hulegeza ubongo na kupunguza usingizi wa ndoto. Ikiondolewa, ubongo hubaki umechangamka na ndoto hurudi kwa wingi. Hali hiyo yaweza kudumu majuma, hata miezi, kisha hupungua. Lakini kutetemeka sana, kuanguka kifafa au kuona yasiyokuwapo katika siku 4 za kwanza ni hatari: apelekwe hospitali mara moja. Hatari hiyo ikiisha, tukeshe naye kwa sala, tukimwonya kwamba kikombe kimoja cha kutafutia usingizi humrudisha utumwani.