Tumemuaga kwa dua, nani atampokea?

Ijumaa mbili zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, kijana mmoja wa mtaani kwetu alisimama mbele ya waumini akaombewa dua ya safari. Amepata nafasi ya kwenda kusoma Misri. Nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, nilisoma hesabu ya michango: nauli imetimia, gharama za kuthibitisha vyeti zimetimia, na kimebaki kidogo cha kutia mfukoni. Watu wakaitikia kwa takbira. Upande wa akina mama, mzazi wake alikuwa akijifuta machozi. Kisha kila mmoja akashika njia yake.

Nilibaki na daftari mkononi, nikakumbuka kwamba miaka 15 iliyopita hesabu kama hiyo ilisomwa kwa jina langu. Mimi niliagwa vizuri, Alhamdulillah. Kilichonielemea ni kufika.

Nilitua Cairo usiku. Nilikuwa na namba mbili za simu za watu niliohakikishiwa kuwa watanipokea. Moja haikupatikana, nyingine iliita bila kupokelewa. Nikakaa juu ya sanduku langu mpaka alfajiri. Kulipopambazuka nikamwendea dereva wa teksi na kumsemesha kwa Kiarabu fasaha nilichofundishwa chuoni, kila neno na irabu yake ya mwisho. Alitabasamu kwa upole, akanijibu kwa maneno ambayo sikuwahi kuyasikia. Mimi niliyehifadhi matini ya Ajurumiyya, niliyetegemewa kuwasahihisha wenzangu nahau, sikuweza kuuliza bei ya teksi.

Wamisri huiita mikate "aish", si "khubz" tuliyoizoea vitabuni. "Sasa" kwao si "al-an" bali ni "dilwa'ti". Herufi jimu huitamka "ga", hata Jamal akawa Gamal. Mambo haya ni madogo, na kwa muda wa miezi michache sikio huyazoea. Lakini kwa kijana mwenye wiki moja ugenini, aliyetoka kwao akiitwa ustadhi, yanatosha kumfanya ajione hajui kitu.

Kisha ukaja mtihani wa kupima kiwango cha lugha. Nilipangwa darasa la chini kuliko nilivyotarajia, na maana yake ilikuwa kwamba sitaingia kitivoni mwaka ule. Jioni baba alinipigia simu akauliza, "Umeshaanza chuo?" Nikamjibu, "Nimeanza, baba."

Ndugu msomaji, jibu hilo la maneno mawili lilinigharimu kuliko nauli. Baba alifurahi, akawaambia wazee, na msikitini ikatangazwa. Kila simu iliyofuata ilihitaji uongo mwingine wa kuushikilia ule wa kwanza: jina la mwalimu, idadi ya masomo, tarehe ya mitihani. Fedha zilipopungua sikuthubutu kuomba, kwa kuwa ningelazimika kueleza matumizi ya mwaka mzima wa lugha. Baridi ilipoingia, na usiku wa Januari Cairo huweza kushuka chini ya nyuzi 10, sikuwa na koti la maana. Nikaugua kifua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nikificha maradhi mawili kwa pamoja.

Aliyeniokoa ni mwanafunzi wa chumba cha jirani, mtu wa Senegali aliyenitangulia miaka mitatu. Alinipeleka kwa daktari, akanipa koti lake la akiba, kisha akaniuliza swali moja: "Nyumbani wanajua?" Usiku ule nilimpigia baba nikamweleza yote. Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mwanangu, sisi tulichanga ili usome. Hatukuchanga ili uwahi."

Laiti ningeyasikia maneno hayo kabla ya kupanda ndege. Ndiyo sababu ninaandika makala haya.

Sisi wa pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi'i, Allah amrehemu. Imamu huyu maisha yake yote yalikuwa ya kuhama kwa ajili ya elimu. Alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria (767), akalelewa Makka na mama yake akiwa yatima, akasoma Madina kwa Imamu Malik, akafika Yemen na Iraq, na miaka yake ya mwisho akaishi Misri, alikofariki mwaka 204 Hijria (820). Wanafunzi wa fiqhi wanajua kwamba ana kauli za zamani alizozitoa Iraq, na kauli mpya alizozitoa Misri. Ikiwa bahari ya elimu kama yeye alifika mji mpya akayapitia upya mambo aliyokwisha kuyasema, kuna aibu gani kwa kijana wetu kurudishwa darasa la lugha?

Na kupokea mgeni si jambo geni katika dini yetu. Muhajirina walipofika Madina, Mtume (SAW) aliwaunganisha udugu na Ansari, mtu na mtu. Abdurrahman bin Auf aliunganishwa na Sa'd bin Rabi'. Sa'd alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko lilipo. Tutazame hapo: mgeni aliyefika mikono mitupu alihitaji ndugu mmoja anayemjua kwa jina, na mtu wa kumwonyesha njia.

Al-Azhar nayo ilijengeka kwa desturi hiyo. Karne nyingi wanafunzi wageni waliishi katika riwaki, kila watu na riwaki yao: Wamaghribi, Washami, Waturuki, na watu wa Jabart kutoka Pembe ya Afrika. Mwanahistoria mkubwa wa Misri, Abdurrahman al-Jabarti, aliyefariki mwaka 1825, ni wa ukoo uliotoka huko Jabart. Mgeni alifika akakuta wenziwe wanaojua maji yako wapi na sheikh gani anafundisha nini.

Basi tufanyeje? Mzazi, kabla mwanao hajaondoka, mwambie kwa kinywa chako kwamba akichelewa mwaka si msiba, na kwamba habari mbaya utaipokea kama unavyoipokea nzuri. Ukimpigia simu, usianze na masomo. Anza na amekula nini na analala wapi.

Nawe mwanafunzi, usisafiri kwa kutegemea namba ya simu ambayo hujawahi kuipiga. Zungumza na mwenyeji wako kabla ya safari. Beba nakala za hati zako mahali tofauti na hati zenyewe, na fuatilia kibali cha ukaazi tangu wiki ya kwanza. Jifunze lugha ya sokoni bila kuidharau. Tafuta wenzako wa nyumbani, lakini usijifungie kwao tu.

Sisi wa misikitini nasi tuna deni. Nauli ni nusu ya mchango. Kamati yetu sasa imekubaliana kuwa fedha za msafiri zigawanywe mafungu mawili, na la pili atumiwe baada ya miezi mitatu bila kuliomba. Pia mjumbe mmoja atakuwa anampigia simu kila mwezi.

Kwa kijana huyu, mjumbe huyo ni mimi. Juzi usiku alipiga mwenyewe. Amefika, amepokelewa, na mtihani wa lugha ni wiki ijayo. Sauti yake ilikuwa na woga ninaoujua. Nikamwambia, matokeo yakitoka, yawe yoyote yale, mtu wa kwanza kumwambia ni mama yako.

Wabillahi tawfiq.