Barafu Ilipokuwa Njia

Askari na polisi mlio zamu huko Rumonge mnalijua Ziwa Tanganyika kuwa ni njia. Jioni wavuvi wa ndagala huingia na taa zao, na maji hayo, yenye joto la yapata nyuzi 25, hayagandi kamwe.

Kaskazini ya Ulaya nako ziwa lilikuwa njia, ila baridi ililifunga. Ndipo, yapata miaka 3,000 iliyopita, watu wakafunga mifupa ya farasi chini ya viatu na kujisukuma kwa fimbo, kama mwenye mtumbwi na upondo wake. Haukuwa mchezo, ilikuwa safari. Katika karne za kati Waholanzi waliacha mfupa, wakatumia chuma chenye makali. Makali yaliuma barafu, mguu ukapata pa kusukumia, fimbo ikatupwa.

Mikono iliyo huru hushika bunduki. Desemba 1572 merikebu za Waholanzi zilinaswa na barafu karibu na Amsterdam. Wahispania walipoziendea kwa miguu, Waholanzi waliwatokea wakiteleza, wakapiga risasi, wakawarudisha nyuma. Husimuliwa kwamba Mtawala wa Alba, jemadari wa Wahispania, aliagiza jozi 7,000 za viatu hivyo kwa askari wake. Kwa maoni yetu, agizo hilo lapita ushindi wenyewe kwa busara.

Mchezo ulikuja baadaye. Chama chake cha kimataifa kiliundwa mwaka 1892. Tayari mwaka 1876 mashine zilikuwa zikigandisha maji ukumbini London, na mwaka 2005 hoteli moja ya Nairobi, jirani na ikweta, ilifungua uwanja wake wa barafu.