Amani ya Hofu: Dhana Tatu za Vita Baridi
Umoja wa Kisovyeti ulipolipua bomu lake la kwanza la atomiki mwaka 1949, Marekani haikuwa tena peke yake yenye silaha hiyo. Ushindani wao hueleweka kwa dhana tatu. Ya kwanza ni udhibiti, yaani kuzuia dola ya Kisovyeti isizidi kupanuka. George Kennan aliieleza mwaka 1947. Ya pili ni kuzuia kwa kitisho: adui hashambulii kwa kuwa ajua atalipizwa. Ya tatu ni kusukumana hadi ukingoni mwa vita, kama ilivyotokea Kuba, Oktoba 1962. Wengi husema kitisho kiliepusha vita kuu. Lakini kiliwaweka rehani raia wa miji mizima. Je, utulivu huo wastahili kuitwa amani?